Mahari ya Lango

"Gonga tena."

"Bibi, tunamgongea nani? Hili ni lango, si nyumba."

"Basi litikise. Chuma kikilia, mwenye chuma ataamka."

Yanina Huenelaf alilishika lango kwa mikono miwili akalitikisa. Mnyororo ukalia, kufuli likagonga bomba, mbwa wa akina Pugh, wenye shamba, wakabweka huko mbali, kisha kimya kikarudi kama kilivyokuwa. Theluji iliwafika vifundoni. Nyuma yake walisimama ndugu zake, kila mmoja na taulo begani. Mjomba Abelino alikuwa amekumbatia jagi la togwa ya ngano ndani ya vazi lake la poncho isigande, na watoto walikuwa wakitoa mvuke mdomoni na kuchekana. Ng'ambo ya lango, karibu kabisa, mto Ñire ulisikika ukipita juu ya mawe.

Bibi Zunilda aliusikiliza kama mtu anayesikia jina lake likitajwa chumba cha pili.

"Alisema atafungua," Yanina akasema.

"Hao husema," mjomba Abelino akajibu. "Babu yake naye alisema waya ni wa kuzuia kondoo. Mimi ni kondoo?"

"Abelino, usiniharibie alfajiri."

"Imeshaharibika, mama. Nimeikuta hivyo."

Mashariki palikuwa pameanza kuwa peupe. Huo ulikuwa usiku mrefu kuliko yote huku kusini mwa dunia, usiku wa Juni ambao jua hugeuka na kuanza kurudi, na hapo ndipo mwaka wa kina Bibi Zunilda, wenyeji wa nchi ile, unapoanza. Wenyewe huuita Wiñoy Tripantu. Mtu huingia mtoni kabla ya jua, akauacha mwaka wa zamani majini, akatoka mpya. Ni pale pale, penye maji ya taratibu, ambapo Bibi Zunilda alitobolewa masikio na mama yake alipokuwa mtoto. Ukaja Mwaka wa Waya, ambao hakuna mtu wa kijiji cha Costa Ñire anayehitaji kuelezwa, akina Pugh wakazungusha seng'enge mpaka ukingoni, na tangu hapo akina Huenelaf wamekuwa wakiupokea mwaka kwa beseni nyuma ya nyumba. Beseni la bati. Watu waliokuwa na mto!

Jua likachomoza. Hakuna aliyekuja na ufunguo.

Bibi aliinama polepole, akachota theluji, akajipaka usoni, akajifuta kwa ncha ya shali.

"Twendeni nyumbani," akasema. "Mwaka umeingia, umetukuta langoni kama ombaomba."

Yanina hakulia mbele yao. Aligeuka akalitazama lile kufuli mara moja, kama unavyomtazama mtu unayetaka kumkumbuka.

* * *

Aliyeahidi alikuwa Irfon Pugh, mtoto pekee wa Mama Dilys, kijana mrefu mwenye masikio yanayokuwa mekundu baridi ikimpiga. Wawili hao walikuwa wakipendana tangu kiangazi cha mwaka juzi, na kijiji kizima kilijua, maana Costa Ñire hata kuku akitaga pembeni watu hujua. Mwezi wa nne Irfon alikuja jikoni kwa Bibi Zunilda, akavua kofia, akakaa kwenye benchi kama mwanafunzi.

"Unamtaka mjukuu wangu?"

"Namtaka, Bibi."

"Zamani kwetu mwanamume alileta farasi, na vitu vya fedha, na kondoo. Mimi farasi nitampanda na magoti haya? Sitaki."

"Sema unachotaka."

"Alfajiri ya mwaka wetu, nifungulie lango. Nioge pale nilipoogeshwa na mama yangu, mara moja kabla sijafa. Ukiweza hilo, mchukue. Ukishindwa na kufuli, mwanamke huyu hutamweza."

Irfon alicheka, lakini Bibi hakucheka.

"Ufunguo ninao mimi," Irfon akasema. "Nitafungua."

Sasa sikiliza jambo lilivyokwenda. Tangu enzi za padri mwenye kiboko, kina Bibi Zunilda waliificha alfajiri yao chini ya joho la San Juan, sikukuu ya Mtakatifu Yohana. Moto wa mtakatifu ukiwashwa uwanjani, nao wakiwasha wao; padri akidhani wanamheshimu Yohana, wao wanaliita jua lao. Mchezo huo waliuzoea hata wenyewe wakasahau kuwa ulikuwa mchezo. Lakini Jumatano ya wiki ile ya Juni Bibi aliweka kikombe chake cha chai ya majani machungu mezani, akasema:

"Mwaka huu hatujifichi. San Juan ni Jumatatu, na abaki na Jumatatu yake. Jua linageuka Ijumaa. Tutaamka na jua."

"Bibi! Irfon anajua ni San Juan! Na yuko malisho ya juu anateremsha kondoo, simu haishiki kule."

"Si kuna redio?"

Kweli, redio ilikuwapo. Katika bonde lile, mchana wa kila siku, redio huwasomea watu wa mashambani ujumbe wao: fulani ameshajifungua salama, fulani amngojee mkwewe njiapanda na farasi wawili. Na sheria yake ni moja, haijaandikwa popote wala haijawahi kuvunjwa: anayesikia ujumbe wa mwenzake anaupeleka. Kama ni kwa mguu, kwa mguu. Kama ni kwa adui yako, unaupeleka halafu mnaendelea na uadui. Mtu anaweza kusamehewa kuiba kondoo, lakini aliyekalia ujumbe hasamehewi.

Alhamisi mchana redio ikasoma: "Kwa Irfon Pugh, Costa Ñire. Bibi Zunilda amesema ni kesho, Ijumaa alfajiri, si San Juan. Yanina."

Bonde zima lilisikia. Kwa hiyo Ijumaa, mnyororo ulipokuwa bado umefungwa, Yanina angefikiri nini?

Aliporudi alipanda mpaka penye tangi la shule, ambapo simu hushika, akausoma tena ujumbe ambao Irfon alimtumia kabla hajapanda milimani:

"Napanda kwa kondoo. Alfajiri ya mwaka wenu utanikuta langoni na birika la moto. Lete kikombe chako, changu kimevunjika sikio."

Akausoma mpaka theluji ikaanza kulowesha kioo. Kisha akalifungia jina la Irfon kwenye simu lisimfikie tena, akashuka.

* * *

Jumapili jioni moto wa San Juan uliwashwa uwanjani kama kawaida. Mzee Yamil mwenye duka alileta gari zima la matawi makavu na gunia la viazi. Watu humwita Mturuki, ingawa babu yake alitoka Siria na aliyekuwa akimkimbia ni huyo huyo Mturuki; lakini nenda kawaambie. Yeye husherehekea kila sikukuu ya kijiji kwa moyo mmoja, maana kila sikukuu inanunua sukari.

"Chukua viazi vyako vitatu, binti," akamwambia Yanina. "Kimoja umenye chote, kimoja nusu, kimoja uache na ganda. Uvitie chini ya kitanda. Asubuhi upapase bila kuangalia."

"Najua, Mzee Yamil. Nimezaliwa hapa."

"Ukitoa chenye ganda, mume tajiri. Kilichomenywa chote, mume hana hata soksi."

"Na nisipotoa chochote?"

Mzee Yamil akamtazama, akashusha sauti. "Sote tulisikia redio, binti. Sote tunajua hakufungua. Pole."

Ni hilo tu walilosema watu wa Costa Ñire, "pole", kisha wakaangalia pembeni. Haya ya kijiji ni kitu kibaya. Watu arobaini wenye ukweli mfukoni, na hakuna wa kuutoa, kila mmoja akidhani si mahali pake.

Kesho yake asubuhi Yanina alipapasa chini ya kitanda akatoa kiazi kilichomenywa chote, cheusi kwa baridi. Akakitupia kuku. Hapo hapo mlango ukagongwa.

"Yanina. Ni mimi."

Alimjua kwa kukohoa kwake. Hakufungua.

"Unataka nini, Irfon?"

"Nataka nini? Nimekaa langoni tangu giza! Birika limepoa nikalirudisha motoni, likapoa tena. Nilikungoja!"

"Mimi ndiye niliyekungoja. Na Bibi. Na watoto."

"Muongo."

"Rudia."

Kisha, kwa sauti ya chini: "Sikuona mtu, Yanina. Naapa. Sikuona hata nyayo."

"Redio ilisema. Usinitukane mlangoni kwetu."

"Redio gani? Nilikuwa juu na kondoo."

Katika Costa Ñire, kusema hukuusikia ujumbe wa redio ni sawa na kusema hukuiona theluji. Usipousikia wewe, anausikia jirani, anausikia mama yako anayewasha redio kabla hajawasha jiko. Yanina akaegemeza paji la uso kwenye mbao za mlango.

"Nenda nyumbani," akasema. "Kamuulize mama yako kama kulikuwa na redio."

Kisha buti zikaanza kuondoka juu ya barafu, hatua moja moja.

Hakurudi siku ile, wala iliyofuata. Hilo Yanina akalichukua kuwa jibu.

* * *

Julai karibu yote ikapita kimya kimya. Binamu yake wa mjini Comodoro alipiga simu: jiko la bweni la wafanyakazi linatafuta mpishi, chumba kipo, aje hata kesho.

"Kesho siji," Yanina akasema. "Nitakuja baada ya Kutua. Nimeshaahidi kuosha vikombe."

"Wewe bado unawaoshea vikombe hao?"

"Ndiyo mwaka wa mwisho."

Tarehe ishirini na nane Julai Wawelisi wa nchi ile, akina Pugh na wenzao, huadhimisha Kutua, siku babu zao kutoka ng'ambo ya bahari waliposhuka melini katikati ya baridi. Ukumbi wa kanisa hujaa meza za chai. Kila meza ina mwenyewe, ana vikombe vyake vya maua, birika lake lililovishwa sweta la sufu, mikate yake iliyopakwa siagi, na katikati keki nyeusi, nzito kama tofali, ambayo kila mama huapa kuwa ya jirani haikuiva. Wengine wote wa kijiji hukaribishwa, kila mtu kwenye meza ya anayemjua. Na tangu zamani wanawake wa akina Huenelaf huwa jikoni, mikono kwenye maji ya moto. Hakuna aliyewahi kuwakataza kukaa. Ni kwamba hakuna aliyewahi kuwavutia kiti.

Asubuhi ile, Yanina alipokuwa anafunga sanduku lake, Bibi Zunilda aliuliza:

"Ukienda, nani atanichotea maji?"

"Mjomba Abelino."

"Abelino anachota maji kama anayeiba. Nusu yanamwagika."

"Bibi, usinifanye nilie. Basi la Comodoro ni kesho asubuhi."

"Sikuzuii." Bibi alikuwa anakunja taulo lile lile la Juni ambalo halikuwa limelowa. "Nasema tu. Mwaka ujao sijui kama nitakuwepo. Wewe ukiwa mbali na mimi nikiwa chini, kufuli litakuwa limeshinda. Haya, nenda kaoshe vikombe vyao."

Saa ya chai, mlango wa jiko ulikuwa wazi, na Yanina alimsikia mzee wa kanisa akisimulia kama anavyosimulia kila mwaka: meli, upepo, njaa, watoto wakilia, mpaka wenyeji wa nchi walipotokea na nyama ya kuwinda, wakapewa mkate, na tangu siku hiyo wakawa ndugu. Watu wakaitikia kwa wimbo mzuri wa sauti nne. Wimbo ule ni mzuri kweli, huwezi kuwanyima hilo. Na nyuma ya ukuta mjukuu wa hao ndugu alikuwa anasugua madoa ya chai.

"Yanina mwanangu," mama mmoja akaita, "leta maji ya moto meza ya akina Pugh!"

Alijifuta mikono, akachukua birika kubwa, akatoka. Irfon alikuwa amekaa mwisho wa meza, amekonda, hakuinua macho. Mama Dilys alikuwa anakata keki yake na kuongea na wageni wawili kutoka Trevelin. Mwanamke mwembamba, mjane, mgongo ulionyooka kama nguzo ya uzio.

"...hapana, uchumba umekufa," alikuwa anasema, kwa upole tu, kama anayesema habari za mvua. "Simlaumu binti. Watu wale hawana siku wala saa. Mwanangu aliwafungulia lango alfajiri ya San Juan, akakaa pale mpaka masikio yakataka kukatika, wasitokee hata mmoja."

Birika likatua mezani.

"Alfajiri ya lini?" Yanina akauliza.

Mama Dilys akageuka. Kisu kikabaki ndani ya keki.

"Irfon," Yanina akasema. "Nitazame. Ulikuwa langoni siku gani?"

"San Juan. Jumatatu. Kama tulivyokubaliana."

"Na ujumbe wangu?"

"Ujumbe upi? Uliniambia nimuulize mama kama kulikuwa na redio. Nilimuuliza. Akasema hakuna."

Watu wa meza za jirani wakageuka, kisha wa mbali. Kijiko kikaanguka mahali fulani.

"Ulisomwa!" Hiyo ilikuwa sauti ya Mzee Yamil, mdomo bado una keki. Akameza. "Ulisomwa Alhamisi, baada ya ule wa jamaa aliyepotelewa na farasi mwekundu. 'Ni kesho, Ijumaa alfajiri, si San Juan.' Nilikuwa napima unga."

"Mimi pia nilisikia," mama mwingine akasema.

"Na mimi."

"Sote tulisikia. Tulidhani Irfon ameamua kutofungua."

"Mlidhani hivyo mwezi mzima?" Irfon alikuwa amesimama. "Mwezi mzima mnaniuzia mafuta na chumvi, mnadhani nimemfungia lango mwanamke mzee kwenye theluji, na hakuna aliyeniambia neno?"

Akamgeukia mama yake taratibu.

"Mama. Redio yako haizimwi. Hata baba alipokuwa anakata roho haikuzimwa."

"Nilikuwa nakanda," Mama Dilys akasema. "Mikono ilikuwa na unga."

"Ulisikia?"

Alikaa akikitazama kisu kwenye keki.

"Nilisikia."

Ukumbi mzima ukavuta pumzi. Lango lilishajulikana, halikumshtua mtu. Kilichowashtua ni ujumbe.

"Ulisikia, na ukaukalia," Irfon akasema. Alisema polepole, kana kwamba anajaribu kama maneno hayo yanaweza kukaa pamoja.

"Lango likifunguliwa mara moja, Irfon, halifungiki tena. Leo kuoga, kesho kuchunga, keshokutwa wakili. Nimebaki mimi na wewe. Nikikosa shamba nina nini?" Akakichomoa kisu kwenye keki. "Nilidhani mtakasirikiana wiki moja, basi yaishe."

Yanina alikuwa na maneno mengi. Alikuwa ameyalea tangu utoto, mengine alirithi. Lakini yalipofika mdomoni yakawa machache.

"Mama Dilys, bibi yangu hakuomba shamba. Aliomba maji ambayo yanapita tu. Na ninyi nyote hapa," akageuka, wala hakupaza sauti, "kila mwaka mnasimulia ule mkate mpaka machozi yanawatoka. Mkate mliutoa mara moja. Mto mliuchukua ukabaki kwenu. Mbona huo hamna wimbo wake?"

Akafungua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka kando ya keki nyeusi.

"Vikombe vyenu leo osheni wenyewe."

Akatoka. Nyuma yake hakuna aliyesogeza kiti, isipokuwa Mzee Yamil, aliyebeba sahani yake akaipeleka jikoni, akakunja mikono ya shati, akaanza kuosha.

* * *

Asubuhi sanduku lilikuwa mlangoni. Basi la Comodoro hupita barabarani na kupiga honi, dereva anamjua kila mtu. Mjomba Abelino alikuwa anakata kuni, Bibi Zunilda alikuwa jikoni anakaanga maandazi ya safari na kuusingizia moshi machozi yake.

Pikapu ya akina Pugh ikaingia uani bila kuulizwa.

"Anakuja na nini huyo?" mjomba akasema, shoka mkononi. "Mama! Njoo uone!"

Lango lilikuwa nyuma ya pikapu. Lango lenyewe zima, la bomba, na bawaba zake, na mnyororo umezungushwa juu, na kufuli bado limening'inia kwenye mnyororo kama hereni. Irfon aliteremka. Mikono ilikuwa imechubuka.

"Bibi Zunilda," akasema, akavua kofia. "Uliniomba nikufungulie. Nilishindwa. Sasa nimeling'oa. Nimeleta mahari."

Bibi alisimama mlangoni na uma wa maandazi mkononi. Akalitazama lango juu mpaka chini.

"Chuma kizee," akasema.

"Ndiyo, Bibi."

"Zamani tulidai farasi. Hili linakula nyasi?"

"Hapana, Bibi."

"Afadhali. Nyasi nasi hatuna, mmetuchukulia." Lakini mdomo wake ulikuwa umeanza kumsaliti.

Mlango wa pili wa pikapu ukafunguka, akateremka Mama Dilys. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani na ameshika kopo la keki kwa mikono yote miwili. Alitembea mpaka katikati ya ua, akasimama mbele ya mwanawe.

"Irfon Pugh, Costa Ñire," akasema kwa sauti ya kusoma, kama ile ya redio, lakini iliyokauka. "Bibi Zunilda amesema ni kesho, Ijumaa alfajiri, si San Juan. Yanina."

Kuku tu ndiye aliyeendelea kuparua.

"Umechelewa, mama," Irfon akasema.

"Nimechelewa. Lakini ujumbe ni wa kufikishwa." Akamgeukia Bibi Zunilda, na kwa mara ya kwanza mgongo wake ukapinda. "Nisamehe. Na hii keki... haijakatwa. Kwetu nzima hivi hatoi mtu isipokuwa kwa arusi."

Bibi hakulichukua kopo mara moja.

"Dilys," akasema. "Mumeo alinunua waya, mkweo alinunua waya, wewe ukakalia ujumbe. Kukusamehe leo siwezi, nisije nikakudanganya. Lakini kazi ninayo. Mwaka ujao, jua likigeuka, wewe ndiye utakayewaambia watu. Wote. Utaupeleka ujumbe wangu kwa mdomo wako."

"Nitaupeleka."

"Basi ingia ndani, maandazi yanaungua."

Mjomba Abelino akachomeka shoka kwenye gogo. "Irfon, mimi sitaki nikudanganye pia. Lango ni lango. Habari ya ardhi bado tutaizungumza."

"Tutaizungumza, mjomba. Nitakuja mimi."

Walipobaki wawili, Irfon alimtazama Yanina, akalitazama na sanduku.

"Ungeuliza mara ya pili," Yanina akasema. "Ungemuuliza hata Mzee Yamil. Ulimwamini mama yako ukaondoka."

"Na wewe ungefungua mlango."

"Nilikuwa na hasira."

"Na mimi nilikuwa na aibu. Nilidhani Bibi amenipima akaniona mdogo." Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa kikombe cha bati kilichovunjika sikio. "Bado sijanunua kingine. Nilisema ulete chako."

Barabarani basi likapiga honi. Mara moja. Mara ya pili, ndefu.

"Yanina!" Bibi akaita kutoka jikoni. "Dereva anakuita! Mwambie aende, au nenda mwenyewe, lakini usimwache mtu wa watu kwenye baridi!"

Yanina akatoka mpaka kwenye ua wa mbele, akainua mkono, akautikisa: pita. Basi likapita. Kisha akarudi, akalichukua sanduku, akalikalia.

"Masikio yako mekundu," akasema.

"Yamekuwa hivyo tangu Juni."

"Sogea huku, kuna jua."

Mchana ule walimpakia Bibi Zunilda kwenye pikapu wakampeleka mtoni, wakipita pale palipokuwa na lango. Alisimama ukingoni, akautazama ule mto mpaka Yanina akaogopa kuongea.

"Oga basi, Bibi," Irfon akasema. "Nimeleta mablanketi."

"Sasa? Siku si yake hii. Nimengoja maisha yangu yote nije kuoga tarehe isiyo yake?" Akavuta shali. "Mmenitia kazi. Itabidi niishi mpaka Juni."

* * *

Akaishi. Yanina na Irfon walioana mwezi wa kumi na moja, maua ya zambarau yakiwa yamejaa kando ya barabara. Keki nyeusi ilikatwa, na tabaka la juu likarudishwa kwenye kopo ili liliwe kidogo kila mwaka. Lango lilisimamishwa nyuma ya nyumba ya akina Huenelaf, na njegere za Bibi zikapanda juu yake mpaka kufuli likafunikwa.

Habari ya ardhi bado inazungumzwa. Mjomba Abelino haachi, na Irfon anakuja.

Na Juni iliporudi na theluji yake, siku ya kuamkia alfajiri ile, Yanina alikuwa jikoni kwa Bibi anamenya viazi wakati redio ilipoanza kusoma ujumbe wa mchana. Mtu wa farasi mwekundu alikuwa amempata. Mtoto amezaliwa bonde la juu. Kisha:

"Kwa wakazi wote wa Costa Ñire, wenye redio na wasio nayo. Bibi Zunilda amesema ni kesho alfajiri. Lango halipo. Njooni na taulo. Nitapita nyumba kwa nyumba kuwakumbusha. Dilys Pugh."

"Umesikia, Bibi?" Yanina akageuka.

Bibi Zunilda alikuwa amekaa kando ya jiko, buti miguuni, taulo begani. Alikuwa amelitia begani tangu asubuhi.

"Nyamaza," akasema. "Nangoja mtu aje aniambie."

Nje, kwenye barafu, hatua za mtu mmoja zilikuwa zinakuja mlangoni.